Kamera bila kioo: mbele ya kununua mwili, uliza mulango wa lensi

LUBUMBASHI – Mutu mwenye anapenda picha, lakini picha si kazi inayomupa chakula, anaweza kuweka feza pembeni mwaka muzima ili apate kamera moja tu. Akikosea, ni yeye peke yake atabaki na hasara. Madukani, swali la kwanza ni karibu kila mara lilelile: “Iko na megapikseli ngapi?” Swali hilo si baya, lakini halionyeshe kama kamera itamusaidia mutu kwa muda mrefu. Swali lenye linaonyesha ni hili: lensi gani zinaingia kwenye kamera hii, na kisha miaka mitano zitakuwa zinapatikana bado?

Haya ni mambo ambayo mununuzi anapaswa kujua mbele ya kutosha feza mufukoni.

Ni kamera ya namna gani?

Wauzaji wengi wanaiita “ibride”, kufuatana na Kifaransa. Jina hilo linachanganya watu, lakini jambo lenyewe ni rahisi.

Katika kamera za refleksi, zile ambazo wapiga picha wa harusi wamezibeba miaka mingi, mwangaza unapita ndani ya lensi, unagonga kioo kidogo, na kioo kinaupandisha mpaka kwenye jicho la mupiga picha. Akifinya kifungo, kioo kinaruka juu, na mwangaza unafika kwenye kapteri, ni kusema kile kipande kinachoshika picha kwa nafasi ya filme ya zamani.

Katika kamera bila kioo, hakuna kitu cha kuruka. Mwangaza unafika kwenye kapteri moja kwa moja, na mupiga picha anaangalia kwenye ekrani ya nyuma, ao ndani ya vizeri, ambayo nayo ni ekrani ndogo sana. Kwa sababu nafasi ya kioo imeondolewa, mwili wa kamera unaweza kuwa mwembamba na mwepesi.

Panasonic ilitoa Lumix G1 katika mwaka wa 2008. Ndiyo iliyofungua njia kwa kamera za namna hii. Mwaka huohuo, hapa Lubumbashi, Sammy Baloji na wenzake walianzisha Rencontres Picha, ambayo leo inajulikana kama Biennale ya Lubumbashi. Sony ilifuata na kamera za NEX mwaka wa 2010, Fujifilm na X-Pro1 mwaka wa 2012, kisha mwaka wa 2018 Canon na Nikon zikaleta milango mipya, RF na Z. Tangu hapo, kampuni kubwa zinatengeneza lensi zao mpya karibu zote kwa kamera bila kioo.

Faida yake na ubaya wake

Faida ya kwanza ni kuona picha mbele ya kuipiga. Kamera yoyote inapima mwangaza kwa kutafuta kiasi cha katikati. Ukisimamisha bibi-arusi mwenye ngozi nyeusi na kanzu nyeupe kwenye jua la saa sita, kamera inaweza kuamini kanzu na kufanya uso giza. Na refleksi, mupiga picha anayetumia vizeri anajua kosa lake kisha kufinya. Na kamera bila kioo, anaona uso umekuwa giza wakati angali anaangalia, anazungusha kidude cha kuongeza mwangaza, na anafinya kisha kuona kama uso umekaa vizuri. Kwa mutu anayejifunza bila mwalimu, hiyo ni shule kila siku.

Faida ya pili: kamera nyingi za sasa zinatafuta uso na jicho zenyewe. Mtoto akikimbia ndani ya lupango, kamera inamufuata.

Ubaya wa kwanza ni batri. Ekrani inakula kurante wakati wote kamera inawaka. Nikon D3500, ambayo ni refleksi ndogo, ilitangazwa kwa picha 1,550 kwa batri moja. Kamera nyingi bila kioo za bei ya chini zinatangazwa kwa picha 300 mpaka 400. Ubaya wa pili ni vumbi: ukitosha lensi, katika kamera nyingi kapteri inabaki wazi kabisa mbele ya macho.

Mulango ni wa kwanza

Mbele ya kamera kuna duara la chuma, mahali lensi inaingia na kujifunga. Huo ndio mulango. Kila kampuni iko na wake. Sony inatumia E, Canon RF, Nikon Z, Fujifilm X. Panasonic na OM System, ambayo zamani iliitwa Olympus, zinagawana mulango wa Micro Four Thirds. Leica, Panasonic na Sigma ziko pamoja kwenye mulango L. Lensi ya mulango mumoja haiingii kwenye mulango mwingine.

Kununua mwili wa kamera ni sawa kuoa: mutu haoi bibi peke yake, anaingia na katika jamaa. Mwili unazeeka haraka, kila miaka miwili mitatu kunatoka mupya. Lensi nzuri inaweza kutumika miaka makumi na kupita kutoka mwili mumoja mpaka mwingine, kama tu mulango ni uleule.

Na kuna jamaa ambazo zilikufa. Nikon 1 ilianza mwaka wa 2011 na ilisimamishwa mwaka wa 2018. Samsung ilikuwa na kamera za NX, kisha ikatoka katika kazi hiyo. Canon EOS M ilianza mwaka wa 2012, na Canon iliiacha kisha kuweka nguvu zake zote kwa mulango RF.

Hapo ndipo watu wanaanguka. Mufano, kijana wa Katuba anakuta Canon M50 ya okazio, safi, bei inamufurahisha. Jina ni Canon, ekrani inageuka, picha ni nzuri. Anainunua. Kisha mwaka, anataka kupanda mpaka Canon R, na anajifunza kama lensi zake za EF-M haziingii kule, na hakuna adaptateri ya Canon ya kuzipitisha. Anaanza upya. Kamera haikumudanganya, hakuna mutu alimwambia.

Hiyo haimaanishe M50 ni kitu cha kutupa. Mwenye anajua kama lensi za mulango ule hazitaongezeka, na bei imeshuka sana, anaweza kuitumia miaka mingi na kupata picha nzuri. Shida ni kulipa bei ya kitu kizima kwa jamaa iliyokwisha.

Kuna na habari nzuri kwa wale wenye lensi za zamani nyumbani. Kwa sababu kamera bila kioo ni nyembamba, kunabaki nafasi ya kuweka adaptateri kati ya mwili na lensi. Kati ya mulango na kapteri, Nikon F ya zamani iko na milimetre 46.5, Sony E iko na 18 tu. Kwa hiyo lensi ya baba, iliyolala ndani ya sanduku tangu wakati wa filme, inaweza kuingia kwenye kamera ya leo kupitia duara la chuma la bei ndogo. Mutu atazungusha fokasi kwa mukono, na kamera nyingi zinamusaidia kwa kupaka rangi pembeni ya kitu kilicho wazi. Lensi za refleksi za Canon, zile za EF, zinaingia vilevile kwenye RF kwa adaptateri ya Canon, na fokasi inaendelea kujitafuta yenyewe.

Kapteri kubwa ao ndogo?

Kuna vipimo vitatu vinavyopatikana sana. Kapteri kubwa, wanayoita plein format, iko na milimetre 36 kwa 24. APS-C iko na karibu 23.5 kwa 15.6, na ya Canon ni ndogo kidogo kupita hapo. Micro Four Thirds iko na 17.3 kwa 13. Ya kwanza inapita ya pili zaidi ya mara mbili kwa eneo, na inapita ya tatu karibu mara nne.

Kapteri kubwa inakusanya mwangaza mwingi, kwa hiyo picha za usiku zinakuwa na mchanga kidogo. Lakini lensi zake ni nzito, na bei ni kali. Kwa mutu anayepiga picha kwa mapendo yake, APS-C ao Micro Four Thirds inatosha, na feza inayobaki inaenda kwa lensi.

Megapikseli je? Picha ya megapikseli 24 iko na pikseli 6,000 kwa 4,000. Ukiichapa kwa ubora wa juu, pikseli 300 kwa inchi, unapata karatasi ya sentimetre 50 kwa 34. Ni nani anatundika picha kubwa kupita hapo sebuleni? Sony a6000 ya mwaka wa 2014 iko na 24, na Canon R50 ya mwaka wa 2023 iko na 24. Kati yao, fokasi na video zilibadilika sana. Hesabu ya pikseli haikusonga.

Lensi ndiyo inanunua mwangaza

Lensi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera ni zumu ndogo. Kwenye mdomo wake kunaandikwa namba kama 3.5-5.6. Namba hiyo inaonyesha ufunguzi: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa na mwangaza unaingia mwingi. Kati ya f/5.6 na f/1.8, mwangaza unazidi karibu mara kumi.

Mara kumi ni nini kwa maisha ya kila siku? Ni sherehe ya usiku ndani ya lupango, taa ni moja. Na f/5.6, kamera inaweza kuomba sehemu 1 ya 10 ya sekunde, na kila mwenye anacheza anakuwa moshi. Na f/1.8, mwangaza uleule unatoa sehemu 1 ya 100, na uso unabaki uso. Kamera zingine ziko na kituliza mutetemeko ndani ya mwili. Kinasaidia kwa nyumba, kwa mulima, kwa mutu aliyesimama. Hakisimamishe mutu anayecheza.

Ndiyo sababu wajuzi wanashauri, kisha zumu ya kwanza, kutafuta lensi moja isiyovuta, yenye f/1.8 ao f/2. Jamaa nyingi ziko na moja ya bei isiyo kali: Canon RF 50mm f/1.8, Nikon Z 40mm f/2, Fujifilm XC 35mm f/2, Panasonic 25mm f/1.7. Sigma inatengeneza 30mm f/1.4 kwa Sony E na kwa Micro Four Thirds. Kumbuka kwamba kapteri ndogo inasogeza vitu: kama unataka uonekano wa 50mm wa zamani, tafuta 35mm kwa APS-C na 25mm kwa Micro Four Thirds.

Jambo moja kwa wanaopiga picha ndani ya makanisa na masale: kamera hizi zinaweza kupiga kimya kabisa, bila sauti ya pazia. Lakini chini ya taa za LED, namna hiyo ya kimya inaweza kuleta mistari ya giza katika picha. Mutu akiona mistari, arudilie pazia la kawaida, na ajaribu sehemu 1 ya 50 ao 1 ya 100 ya sekunde, juu kurante ya Congo inatetemeka mara 50 kwa sekunde.

Kurante, vumbi na mvua

Kamera inayopendeza kwenye video za Ulaya inaweza kuwa mzigo Lubumbashi. Kurante ikikatika tangu asubuhi mpaka usiku, batri mbili si anasa, ni lazima. Mununuzi aulize pia kama kamera inashika moto kupitia USB, sawa telefone. Ikifanya hivyo, pawabanki ao panele ya jua inatosha kuiokoa. Lakini asiridhike na kuona tundu la USB tu, kwa sababu kamera zingine ziko na tundu la kupitisha picha lakini hazijaze batri. Ajaribu mbele ya muuzaji.

Katika kiangazi, tangu mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi nyekundu inaingia kila mahali. Kubadilisha lensi kunafanyika kamera ikiwa imezimwa, mulango ukiangalia chini, mgongo ukielekea upepo, na haraka. Mwenye lensi moja anayoipenda na asiyeitosha kila wakati anabaki na kapteri safi. Kipindi cha mvua, shida ni nyingine: kamera za bei ya chini mara nyingi hazijafungwa juu ya maji. Sakoshi nzuri na mufuko wa plastiki vinafanya kazi kubwa. Na lensi isifungiwe miezi ndani ya sanduku lenye unyevu, ukungu unaota kwenye kioo chake na kutoka kwake ni magumu.

Kamera ya okazio: namna ya kuipima

Kamera nyingi zinafika zikiwa zimekwisha kutumika, kupitia ndugu aliyesafiri ao wafanyabiashara. Si vibaya, kama mununuzi anachukua nusu saa ya kupima mbele ya kulipa:

1. Apige picha ya ukuta mweupe kwa f/16, kisha akuze kwenye ekrani. Alama nyeusi ndogo ni vumbi, inasafishika. Mukwaruzo hausafishike.

2. Afunike lensi na apige picha ya giza. Nukta nyekundu, bluu ao nyeupe ni pikseli zilizoharibika.

3. Apitishe mwangaza wa torshi ya telefone ndani ya lensi. Nyuzi kama utando wa buibui ni ukungu. Hapo aache.

4. Azungushe kila kidude, afinye kila kifungo, aguse kila upande wa ekrani, ajaribu flashi na fokasi ya karibu na ya mbali.

5. Atoshe batri na kuiangalia. Ikiwa imevimba, ni ya kutupa, na bei ishuke.

6. Afungue menu na kutafuta lugha. Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinaonyesha Kijapani peke yake, na hazibadilishwi kwa kifungo.

7. Aweke kadi yake mwenyewe, apige picha nyingi, kisha azifungue kwenye ordinatere. Kadi za uongo ziko nyingi: zinaandikwa gigabaiti 128, lakini zikipita kiasi kidogo zinaanza kupoteza picha.

Kwa kamera mupya, aombe fakture yenye namba ya mwili, na aulize garanti inatumika wapi. Mara nyingi garanti ni ya inchi ambako kamera iliuzwa. Fakture hiyo inasaidia pia njiani na kwenye mpaka, mutu akiulizwa kama kamera ni yake.

Namna ya kugawa feza

Kosa kubwa ni kuweka feza yote kwa mwili. Kwa mufano tu, mutu mwenye dola 600 asitafute kamera ya dola 600. Atafute mwili wa okazio na zumu yake kwa dola 350 ao karibu, aweke 150 kwa lensi ya f/1.8 ao f/2, na inayobaki iende kwa batri ya pili, kadi mbili nzuri na sakoshi. Kama feza haitoshe kwa vyote, mwili ndio ushuke, si lensi.

Na kama picha zote zinabaki kwenye WhatsApp, na mutu anapiga tu mchana, telefone nzuri inaweza kumutosha. Kamera inaanza kuwa na maana pale mutu anataka uso wa usiku, ndege wa mbali, mpira wa Jumapili, ao picha ya kuchapa na kuweka kwenye ukuta.

Mbele ya kufinya kifungo

Kamera kubwa inaonekana zaidi ya telefone, na inavuta macho ya wakubwa na ya wezi. Askari, viwanja vya ndege, madaraja, mipaka na mahali pa migodi si vitu vya kupiga bila ruhusa. Watu walipoteza kamera kwa ajili ya hiyo. Na mwanadamu anaombwa. Mama anayeuza sokoni si mapambo ya picha ya mutu mwingine. Akikubali, arudishiwe picha yake, hata kwa telefone.

Mwenye angali na mashaka aombe kamera ya rafiki siku moja, aivae shingoni tangu asubuhi mpaka jioni, na apige vitu vyake vya kila siku. Jioni atajua kama uzito unamufaa, kama kidole kinapata vifungo bila kutafuta, kama batri ilifika. Kisha hapo aende dukani na swali lake la kwanza liwe tayari: mulango gani, na lensi zake ziko wapi?